Baridi, Idd na Cherehani ya Mama Mkwe

Mtu wa Dar es Salaam ukimweleza kwamba wapo Watanzania wanaoota moto sebuleni mwezi Juni, atakuuliza kama umelala vizuri. Simlaumu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga mjini, ambako shuka la kulalia huwekwa kwa ajili ya adabu tu. Kisha nikaolewa Lushoto. Kutoka Mombo barabara hupanda milima ya Usambara kona baada ya kona, kilomita thelathini na kitu, na abiria wa pwani utamtambua kwa kuongeza nguo kila basi linapopinda. Mji upo kwenye mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliupenda kwa hiyo hiyo baridi, wakauita Wilhelmstal kwa heshima ya Kaiser wao. Ningekuwepo siku hiyo ningewaelekeza Tanga.

Baridi yenyewe ningeivumilia. Kinachonishinda ni vile inavyowageuza watu wa nyumbani kuwa mafundi. Ikishaingia Juni ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi, shule zimefungwa, shambani hakuendeki mapema, na ukoo mzima unajikuta chumba kimoja na birika la chai ya tangawizi. Mtu aliyeshiba mihogo akakaa karibu na moto huamini lolote analojiambia. Mwezi Januari, jua likiwaka na kazi zikiwa nyingi, hakuna aliyewahi kusema katika nyumba hii, "Nguo za Idd tushone wenyewe."

Lawama nyingine iende kwa kalenda. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko huu wa ukutani kwa siku kama 11, kwa hiyo Idd hurudi nyuma kila mwaka. Idd el-Hajj ya 2023 iliangukia mwishoni mwa Juni, ya 2024 katikati, ya 2025 mwanzoni. Sikukuu ya kushonesha nguo ikakutana na majira ya watu kukaa bila kazi, na mwaka mmoja, juu ya hayo, wifi yangu akawasili kutoka Korogwe na kitenge kwenye mfuko na video za ushonaji kwenye simu.

Tulikuwa na fundi wetu sokoni, lakini mwaka huo alitenda jambo ambalo mafundi hawalitendi: alisema kweli. Alitutazama, akatazama rundo la vitambaa vya watu lililomfikia kifuani, akasema, "Mama, nimejaa. Nikipokea nitakudanganya." Nilitaka kumpa mkono wa pongezi. Wifi akachukulia kama tusi.

"Kwani yeye alizaliwa na sindano mdomoni?" akaniuliza tukiwa njiani. "Wifi, nyumbani kuna cherehani. Tatizo liko wapi?"

Cherehani ilikuwepo kweli. Ni Singer ya mguu, ya chuma cheusi, ambayo marehemu baba mkwe alimnunulia mama mkwe kwa fedha za kabichi, kidogo kidogo, mpaka deni likaisha. Isaac Singer alipata hataza ya mashine yake mwaka 1851, na kabla muongo huo haujaisha kampuni yake ilikuwa imeshawazoesha Wamarekani kuchukua mashine leo na kulipa taratibu. Baba mkwe hakuwa na habari hizo. Alichojua ni kwamba mama akishona, nyumba ina utulivu. Lakini macho ya mama yalipopungua nguvu, cherehani ilistaafu, ikapewa kazi ya kubeba televisheni. Ili tushone, televisheni ikabidi ishuke sakafuni, na kuanzia hapo taarifa ya habari tukaitazama tumelala kifudifudi.

Shemeji, mdogo wa mume wangu, ndiye aliyejitolea kuilainisha. Mashine ilikuwa imekauka, gurudumu linalia. Mafuta ya cherehani hayakuwepo. Yalikuwepo mafuta yangu ya nazi, ninayotumiwa na mama yangu kutoka Tanga kwa ajili ya nywele. Shemeji akayapasha moto kidogo, akayamimina kila penye tundu, na penye tundu mbili akamimina mara mbili. Lo, ilikimbia! Pedali ikawa nyepesi, sindano ikapanda na kushuka bila kelele, nyumba nzima ikanukia wali wa nazi. Shemeji alipewa chai ya maziwa na sifa mpaka usiku.

Asubuhi gurudumu halikugeuka. Likavutwa na mmoja, likavutwa na wawili, halikugeuka. Kila mtu akatoa uchunguzi wake. Mume wangu alisema ni mkanda. Wifi alisema ni jicho la jirani aliyeingia jana kuomba chumvi. Shemeji alisema mashine imechoka, apewe muda aiongezee mafuta. Mama mkwe, aliyekuwa amejifunika blanketi pembeni, akauliza swali moja tu: "Ile chupa ya nywele za mkamwana iko wapi?" Ikaletwa. Ndani yake mafuta yalikuwa meupe, magumu, kijiko hakizami.

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Tanga mtu anaweza kuishi mpaka uzee asilione jambo hilo zaidi ya mara chache. Lushoto mwezi Juni hulazimiki hata kusubiri usiku. Sasa fikiria mafuta hayo yakiwa ndani ya mashine, kwenye kila kiungo. "Mbona Tanga hayagandi?" shemeji akanigeukia, kana kwamba ni mimi niliyeihamishia familia yake mlimani.

Tukaweka jiko la mkaa chini ya cherehani. Hapo mama akasimama kidete: jiko likiwa ndani, dirisha liwe wazi. Alikuwa na haki kabisa, maana hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na imeua watu wengi waliojifungia nayo kwa kutafuta joto. Tatizo letu lilikuwa dogo zaidi: dirisha likiwa wazi ukungu unaingia, ukungu ukiingia mafuta yanaganda, na sisi tumekaa katikati na makoti tukiipashia moto mashine huku wenyewe tunatetemeka. Mwisho aliitwa fundi baiskeli. Akaosha viungo vyote kwa mafuta ya taa, akatia mafuta ya mashine, akaondoka akicheka mpaka getini.

Kitenge nacho kilikuwa na yake. Wifi alikuwa amepiga hesabu vizuri sana: shati la kaka yake, gauni langu na shati la kitindamimba wetu, jumla mita 6 barabara. Kitenge alichonunua kilikuwa na 6. Za yadi. Yadi 6 hazifiki hata mita tano na nusu, na ile nusu iliyopungua haikujionyesha mpaka mkasi ulipokuwa umeshapita kwenye shati la baba na gauni langu, kwa sababu wifi ni mtu wa heshima, alianza na wakubwa. Kitindamimba akabakiwa na kitambaa cha kifua na mikono. Mgongo ulishonwa kwa pazia la zamani la jikoni, la buluu, lenye picha za mananasi.

Yeye mwenyewe alifurahi kupita kiasi. Kwenye viwanja vya sala asubuhi ya Idd, waliomwona akija wakamsifu, na waliomwona akienda wakauliza yule mtoto mwingine ni wa nani.

Kulikuwa pia na suala la kukifua kitenge kabla ya kukikata. Pamba hurudi ikiguswa na maji kwa mara ya kwanza, na mama alilisema hilo wazi. Lakini nguo iliyoanikwa Lushoto wakati wa ukungu haikauki, hubadilisha tu aina ya unyevu. Tulikuwa na soksi kwenye kamba ambazo zilishakuwa wenyeji. Wifi akaamua tushone kwanza, kufua ni baada ya sikukuu. Shati la mume wangu lilifuliwa wiki iliyofuata, na sasa linamtosha kijana wetu wa darasa la sita, ambaye katika hesabu zote zile za mita hakuna aliyemkumbuka. Riziki ina njia zake.

Mume wangu hakupenda kuonekana mtazamaji. Akatangaza kwamba atajishonea mwenyewe kofia yake ya Idd, zile za kazi ya mkono, zenye vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Kofia hizo wanawake wa Zanzibar hushona moja kwa miezi, na wanajua wanachofanya. Yeye alikuwa na wiki mbili na miwani ya kusomea. Alitoboa, akajichoma, akatoboa, akajichoma zaidi. Mpaka siku ya Idd alikuwa amekamilisha eneo la kutosha kufunika kidole gumba, akaenda kuswali na kofia ya dukani. Kazi yenyewe imehifadhiwa kabatini, na anayeigusa hujibu maswali.

Jioni, cherehani ikipumzika, wifi alifuma. Sina neno baya juu ya vitambaa vya kufuma, nimekulia chini yake. Lakini baridi haina breki. Makochi yalivikwa, meza ikavikwa, chupa ya chai ikashonewa gauni, televisheni ikatiwa shela pale pale sakafuni. Rimoti ilipovikwa tukashindwa kubadili chaneli, tukaangalia mechi ya watu tusiowajua mpaka mwisho.

Haya yote tungeyasahau kama si mito.

Mama alikuwa na doti ya kanga aliyoiweka sandukuni miaka mingi bila kuivaa. Wifi akaiomba ashone foronya za mito ya makochi, ili wageni wa Idd wakute sebule mpya. Kila mwenye kanga anajua ilivyo: pindo pembeni, mji katikati, na maneno kwa herufi kubwa karibu na pindo la chini. Anajua pia kwamba maneno hayo hayawekwi bure. Kanga husema kile ambacho mwenye kuivaa hawezi kukisema mbele ya watu, ndiyo maana nyingine hukaa sandukuni. Hii iliandikwa NILIDHANI NDUGU KUMBE ADUI.

Wifi alikuwa akifikiria vipimo tu. Alikata kila upande wa doti sehemu tatu zilizo sawa, na maneno yakagawanyika yenyewe: mto wa kwanza ukapata NILIDHANI, wa pili NDUGU, wa tatu KUMBE ADUI. Kochi moja seti, kochi la pili seti. Zikiwa zimepangwa kwa mfululizo ilikuwa sentensi ya kawaida ya kanga, hakuna wa kuigeukia. Lakini nyumba ina watoto, na watoto walikuwa wamepigania mito ile tangu alfajiri.

Mchana wa Idd akaja shangazi yake mume wangu. Naomba msomaji aelewe uzito wake. Shangazi na mama mkwe walikuwa hawajakanyagiana mlango tangu ugomvi wa mpaka wa migomba, na kuja kwake ilikuwa ni kazi ya wazee wa pande zote mbili. Akaingia, akasalimiwa kwa shikamoo za kila pembe, akakaribishwa kochi kubwa. Mama akakaa kochi la mbele yake, na kichwani pake mto unasema NDUGU. Nyuma ya bega la shangazi, kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani, KUMBE ADUI.

Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama na sinia la pilau, kwa hiyo mimi ndiye niliyeona kwanza. Nikamkonyeza wifi. Wifi akadhani nasifu foronya, akatabasamu. Mume wangu akaanza kuzungumzia bei ya viazi kwa sauti ya juu mno. Shangazi, ambaye hakuna kinachompita, akafuata macho yetu, akageuka, akauvuta mto, akauweka mapajani na kuusoma taratibu, kisha akainua macho akasoma ule wa mama.

"Wifi," akamwambia mama mkwe, "hii kanga uliinunua lini?"

Mama akamtaja mwaka. Ulikuwa mwaka wa migomba.

Shangazi akacheka mpaka ukaya ukamdondoka. Mama naye akacheka, na kwa mara ya kwanza nikawasikia wakibishana kuhusu mpaka kwa furaha, kila mmoja akidai ndiye aliyeanza kuwa adui. Alipoondoka jioni alibeba fungu lake la nyama na mto wake kwapani, akisema umeandikwa jina lake. Kwake ameuweka kwenye kiti cha wageni, na mama akienda kumtembelea hapewi kiti kingine. Kwetu kochi limebaki na NILIDHANI NDUGU, na kila mgeni mpya lazima aelezwe kisa kizima kabla hajanywa chai.

Idd el-Hajj ya 2026 inatarajiwa mwishoni mwa Mei, baridi ikiwa ndiyo kwanza inabisha hodi, na wifi ameshapiga simu kuulizia kama mama ana doti nyingine. Kama kuna msomaji anayemjua fundi cherehani yeyote kati ya Mombo na Magamba ambaye bado hajajaa, naomba sana namba yake.