Saa Inayosifu na Saa Inayochongea

Muuguzi wa Embu aliponifungua ule mkanda wa presha alisoma 148 kwa 94, kisha akaniuliza huwa natembea kiasi gani kwa siku. Nikamjibu natembea sana. Mimi ni mwalimu. Hutoka ubaoni nikaenda dirishani, nikarudi. Akaandika kwenye kadi neno moja: atembee.

Mtu mwingine angeanza kutembea. Mimi nilikwenda dukani.

Kijana wa duka alinitandikia vitu viwili juu ya kioo. Kimoja bangili ya mpira, shilingi 3,800. Kingine saa nzito inayong'aa kama sahani ya harusi, 62,000. "Mwalimu, hii inapokea simu, inapima oksijeni, na ukianguka inawapigia watu wako." Nikawafikiria watu wangu. Jambo la kwanza ambalo wangeuliza ni pesa za saa nilizitoa wapi. Halafu 62,000 kwetu Meru ni hela za kuanza kuulizia mtamba. Mtamba naye hukuamsha alfajiri, hukutembeza kutafuta majani, na hachajiwi. Nikalipia bangili.

Lengo lilikuwa tayari limewekwa ndani yake: hatua 10,000 kwa siku. Nilidhani ni amri ya madaktari, kumbe nambari hiyo ilivuma tangu 1965, kampuni moja ya Japani ilipouza kifaa kilichoitwa manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Jina la biashara likageuka kuwa dini, nami nikaokoka.

Jumamosi nilipanda matatu kwenda nyumbani, upande wa Nkubu. Tulipita Runyenjes, tukapita Chuka, na bangili ikakaa kimya. Tulipoanza kuteremka kuelekea daraja la Nithi, mteremko ambao kila abiria wa njia hii huupitia akiwa ameacha maongezi, ile taa ya kijani iliyo chini ya bangili ikaanza kuhesabu damu yangu kwa bidii. Mapigo 118. Nimeketi, nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Bangili ikatetemeka na kuandika: Mazoezi mepesi yametambuliwa. Hongera!

Nkubu nikachukua boda boda. Njia ya kwetu ni ya murram, na mvua ilikuwa imeichimba. Niliposhuka nilikuwa nimetembea hatua 1,140 bila kukanyaga chini.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kidude hiki hakijui kama nina miguu. Ndani yake mna kipima mtikiso kinachosikiliza mkono tu: mkono ukibembea, kinaandika hatua. Mama alinipa mchi nimsaidie kuponda mukimo. Nikasimama mahali pamoja nikaponda, hatua 1,900. Kisha akanituma shambani kuleta mkungu wa ndizi. Niliubeba begani, nikaukumbatia kwa mkono ulioganda kama wa sanamu, nikapanda kile kilima chetu hadi nikaona nyota mchana. Nilipoutua nikatazama. Hatua 60. Jasho lote lile, 60! Tangu hapo nikaamua kama ni hivyo, mukimo nitaponda mimi.

Jioni akaja shemeji, mume wa dada yangu, mtu wa Igembe mwenye mashamba ya miraa. Mkononi ana saa ile ile niliyoikimbia Embu. Akaiangalia bangili yangu kwa huruma, vile mtu huangalia mtoto aliyevaa viatu vya kaka yake. Akanieleza yake inavyopima usingizi, inavyopima kila kitu. Baadaye akasema anatoka kidogo kumwona jirani kuhusu ng'ombe.

Simu yake alimwachia dada ili atume pesa kwa M-Pesa. Saa na simu ni mtu na nduguye. Linalosikika kwa mmoja hufika kwa mwingine. Dada alikuwa bado anabonyeza namba ya siri wakati ilani ilipojitokeza: mapigo ya moyo yamepita 120 ilhali mhusika ametulia. Dada akapiga yowe, akatoka mbio na tochi akijua amekuwa mjane. Alimkuta mumewe nyuma ya migomba, ametulia kweli kweli, kitita cha kangeta mapajani na shavu limejaa. Miraa ambayo, kwa habari tulizokuwa nazo, aliiacha tangu Pasaka.

Yaliyosemwa pale kwenye migomba hayanihusu. Ila shemeji aliporudi aliketi karibu nami, akaivua saa, akanong'ona, "Mwalimu, tubadilishane."

"Na hizo 58,000 na ushee?"

"Nimekusamehe."

Nilikataa. Bangili yangu ilikuwa inasoma 11,200 na inawaka fataki. Tangu nimalize chuo hakuna aliyewahi kunisifu mara mbili kwa siku moja. Usiku stima zikapotea, saa ya shemeji ikazima kabla ya mapambazuko, na sikumwona akiulizia jenereta.

Jumatatu nikarudi kwa muuguzi. Kabla hajanifunga mkanda nilikunja mkono wa shati, nikamwonyesha hesabu ya wiki nzima. Akaisoma yote bila haraka. Kisha akainama chini ya meza, akatazama soli za viatu vyangu.