Naomba Kuwa Wareno Wanne

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Ureno, Lisbon

KUH: VIZA YA WAHAMAJI WA KIDIJITALI

Mheshimiwa,

Mimi ni mkazi wa Malindi, pwani ya Kenya. Kazi yangu ni masoko ya mtandaoni: natunga matangazo, nawalenga wateja, nasoma takwimu, natuma ripoti. Sina mwajiri, nina wateja tu, na aliye mkubwa kati yao ni kampuni ya London inayopangisha vyumba kwenu Lisbon. Kwa hiyo, Mheshimiwa, ingawa hatujuani, tunakula sahani moja. Wewe unawaalika wageni Ureno, nami nawaalika wageni Ureno.

Viza yenu ya D8, mliyoianzisha tarehe 30 Oktoba 2022 kwa ajili ya watu wanaofanya kazi kwa mbali, nimeisoma kwa jicho la kitaaluma. Ni tangazo zuri. Jua lipo, bahari ipo, intaneti ipo. Mnataka mapato yatoke nje ya Ureno. Yangu yanatoka nje. Mnataka kazi isiyodai ofisi. Yangu haijawahi kuwa na ofisi. Limebaki sharti moja dogo: mwombaji aonyeshe kwamba kwa miezi mitatu iliyopita amepata, kwa wastani, mara nne ya mshahara wa chini wa Ureno. Mwaka 2025 mshahara huo ulikuwa euro 870. Mara nne ilikuwa euro 3,480 kwa mwezi, yaani yapata nusu milioni ya shilingi za Kenya.

Hapo ndipo nilipostaajabia hekima yenu. Mfagizi wa Lisbon na mhudumu wa mkahawa wa Porto huruhusiwa kuishi Ureno kwa mshahara mmoja. Wanalipa kodi ya nyumba, wanakula, na Jumapili wanakwenda mpirani. Mimi nikija na kompyuta yangu, sharti niwe Wareno wanne. Sijakataa. Naomba tu kuelekezwa: hao watatu wa ziada watalala chumbani kwangu, au kila mmoja atapangishiwa chake?

Tuje kwenye malipo. Mteja wangu wa London ni muungwana, hajawahi kunivunjia heshima. Nilipomwomba aniongeze kidogo, alinieleza kwa upole kwamba maisha ya Kenya ni nafuu, basi ninacholipwa kinanitosha. Ana hoja. Nanyi mnanieleza kwamba maisha ya Ureno ni ghali, basi ninacholipwa hakinitoshi. Mna hoja pia. Nimebanwa katikati ya hoja mbili zisizo na dosari: nalipwa kidogo kwa kuwa niko Malindi, na niko Malindi kwa kuwa nalipwa kidogo. Angekuwa kijana wa London anayefanya kazi hiihii, angelipwa kwa bei ya London, na akihamia Malindi kesho na kompyuta yake, hakuna atakayethubutu kumpunguzia hata senti. Kwake yeye, unafuu wa maisha ya Kenya ni zawadi. Kwangu ni sababu.

Nikuonyeshe kazi yenyewe. Majira yenu ya baridi, London ikifunga ofisi saa kumi na mbili jioni, huku ni saa tatu usiku, na hapo ndipo maagizo huingia. Nafungua tangazo la vyumba: kibaraza chenye vigae vya buluu, kikombe cha kahawa, kompyuta iliyofunuliwa, mto Tejo kwa mbali. Maneno ya juu ya picha nimeyatunga mimi, yanasema kwamba ofisi yako mpya inatazama mto. Kisha nafika kwenye ukurasa wa kuchagua hadhira. Umri, miaka 25 hadi 45. Mapendeleo, safari na kazi za mbali. Nchi, dunia nzima. Chini yake kuna nafasi ya kuandika nchi za kutengwa, ili bajeti isiliwe na watu wanaobofya bila uwezo wa kuja. Maagizo ya mteja yako wazi, nami ni mtu wa kazi. Nachapa K, nachapa e, nachapa n. Jina la nchi yangu linajitokeza lenyewe, nalibofya, linaingia kwenye orodha ya waliotengwa. Gharama ya kila mbofyo inashuka, na asubuhi napata pongezi.

Basi usidhani nalalamika, Mheshimiwa. Kazi mnayoifanya ninyi kwa sheria, naifanya mimi kwa kidole, tena kwa bei nafuu.

Wala sisi wa Malindi si wageni kwenu. Mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga hapahapa. Hakuleta taarifa ya benki ya miezi mitatu. Hakuleta cheti cha tabia njema, na kwa mizinga aliyokwisha kuipiga Msumbiji, cheti hicho kingemsumbua kidogo. Hakuulizwa atafikia wapi wala atarudi lini. Sultani wa Malindi alimpokea, akampa na rubani wa kumvusha hadi Calicut. Waliomfuata waliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505, wakaanza kujenga ngome ya Fort Jesus mwaka 1593, na Waomani wakawatoa humo mwaka 1698. Hao wote walikuwa wakifanya kazi mbali na kwao, wakipokea amri kutoka ng'ambo, wakituma faida Lisbon. Ukiyasoma masharti ya D8 kwa uangalifu, hao ndio wahamaji wenyewe. Walichokosa ni intaneti. Nguzo ya da Gama bado imesimama hapa mjini, na wazungu wanakuja kupigwa picha nayo. Sidai fidia. Nauliza tu kama ukarimu huo unaweza kuhesabiwa walau kama mwezi mmoja kati ya ile mitatu.

Mreno wa leo naye hana shida. Tangu Januari 2024 Kenya haidai viza. Mgeni hujaza fomu ya eTA mtandaoni, hulipa dola 30 hivi, akaja. Na Oktoba 2024 Rais Ruto akatangaza kibali chetu wenyewe cha wahamaji wa kidijitali, maana hata sisi tumegundua kwamba mtu mwenye kompyuta ni mali, mradi awe ametoka mbali.

Nimesikia pia kwamba watu wa Lisbon wana malalamiko. Aprili 2023 walijaa barabarani kudai nyumba, na kati ya wanaolaumiwa ni wageni wenye mapato ya nje wanaopandisha kodi ya nyumba. Kwa taaluma yangu, hilo ni kosa la kulenga hadhira. Mmeweka chujio linalowazuia wote wasioweza kumpandishia mtu kodi, mkabaki na wanaoweza. Mimi sina ubavu wa kupandisha kodi hata Malindi, sembuse Lisbon. Kama kuna mgeni salama kwa mpangaji wa Kireno, ndiye huyu mnayemchuja.

Nina mapendekezo mawili, na sitawatoza.

La kwanza, kigezo cha mara nne kibaki, ila kipimwe kwa mshahara wa chini wa kule anakotoka mwombaji. Mkiona hilo ni zito, basi kitumike pande zote: Mreno akija Malindi athibitishe kwamba yeye ni Wakenya wanne. Atapita bila kutoka jasho, lakini angalau atakuwa ameulizwa.

La pili, likishindikana la kwanza, rekebisheni tangazo. Msiseme mnawakaribisha wafanyao kazi kwa mbali, kwa sababu tukisoma hivyo tunadhani ni sisi. Semeni: "Karibuni nyote mnaolipwa kwa bei ya mlikozaliwa, mradi mmezaliwa pazuri." Ni maneno machache na ni ya kweli, na tangazo la kweli hupunguza mibofyo ya bure.

Wako mtiifu, kwa mbali,

Mtu wa Masoko, Malindi

Nakala kwa:

Idara ya Uhamiaji, Nairobi, kwa taarifa.

Mteja wangu, London, kwa utekelezaji. Suala hili lote linaweza kwisha bila Waziri kugusa kalamu, siku utakayonilipa ambacho ungemlipa jirani yako.