Mitumba ya London

Ami,

Sauti uliyonirekodia nimeisikiliza. Nimesikia kwamba kijana wetu wa Dar amepanda treni ya umeme mpaka Dodoma, kwamba inakwenda kilomita 160 kwa saa, kwamba chai haikumwagika hata tone, na kwamba barazani pakaulizwa: "Huyu wetu wa Ulaya, yeye anapanda treni gani huko?" Nimesikia na vicheko pia, Ami. Sikujibu siku ile ile kwa sababu jibu lake linataka mtu akae kitako.

Jibu ni hili. Treni ya umeme niliyoipanda miaka yangu ya mwanzo huku ilikuwa ya muundo wa mwaka 1938. Mapinduzi ya Zanzibar yanatokea, muundo wenyewe una miaka 26. Na usidhani ilikuwa imewekwa makumbusho. Ilifanya kazi kila siku, ikibeba watoto wa skuli, watalii na wazee wenye mikongojo, na ikaendelea hivyo mpaka tarehe 3 Januari 2021.

Nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya kulea wazee huko Shanklin, kwenye kisiwa cha Isle of Wight, kusini ya Uingereza. Kisikutishe kwenye ramani. Visiwa vinne vya ukubwa ule vinaingia ndani ya Unguja na nafasi inabaki. Ndiko alikofia Malkia Victoria mwaka 1901, na naona wengi wameuchukua mfano wake: mtu akistaafu, anahamia huko kungojea zamu. Lakini udogo wote ule, kisiwa kina reli. Sisi ya kwetu ya Bububu tumebaki nayo kwenye kadi za posta.

Unapanda boti Portsmouth, na baada ya dakika ishirini na kitu unateremka kwenye gati la Ryde. Lilifunguliwa mwaka 1814 na urefu wake unakaribia nusu maili, kwa sababu maji yakitoka pale yanatoka kweli kweli. Mtu wa Jambiani hatashangaa. Kabla ya gati, abiria walibebwa na wachukuzi kuvuka mchanga wenye maji, mabwana na mabibi zao wamening'inia mabegani. Basi kule mwisho wa gati, juu ya bahari, ndiko treni inakokungojea.

Na hapa, Ami, usiseme natia chumvi. Nilipofika mimi, treni kongwe kuliko zote zilizokuwa zikibeba abiria kila siku kwenye reli ya taifa ilikuwa imechorwa madainasori ubavuni. Sababu iko: kisiwa kinasifika kwa mifupa ya wanyama hao, na pale Sandown kuna jumba zima la kuionesha. Lakini mgeni hayajui hayo. Mgeni anaona mjusi mkubwa amechorwa kwenye chuma cha muundo wa mwaka 1938, anaona ameelezwa ukweli mapema. Baadaye zikapakwa tena rangi nyekundu ya London, rangi ya ujana wao.

Maana kwao ni London, chini ya ardhi. Zilipotoka kiwandani zilikuwa fahari: mitambo yote ya umeme ilifichwa chini ya sakafu, abiria wakapata viti pale ambapo zamani palijaa mashine. Zikafanya kazi nusu karne, vita vikapita juu yao, mpaka mwaka 1988 London ikazistaafisha. Zilipotakiwa kwenda chakavuni, kisiwa kikasema: tupeni sisi.

Utauliza kwa nini. Pale Ryde kuna handaki, nalo limekaa karibu na bahari mno. Maji yalikuwa yakiingia, wakalinyanyua sakafu, na dari likabaki pale pale. Treni ya kawaida ikijaribu kupita inaacha kichwa nje. Treni fupi za kimo zilikuwa zile za London za chini ya ardhi. Kwa hiyo walipoachana na treni za moshi mwisho wa mwaka 1966, mwaka uliofuata wakaleta mabehewa ya London yaliyotengenezwa kuanzia miaka ya 1920. Hayo yalipochoka, kuanzia mwaka 1989 ndiyo zikaja hizi za 1938. Mtumba umechakaa, umeletwa mtumba. Sisi tumezoea kudhani mitumba ni kitu wanachovua wao tukavaa sisi. Wanavaa wenyewe, Ami, tena wanaipiga picha! Lau treni ile ingeshushwa bandari ya Dar, kodi yake ya uchakavu ingelipa mishahara ya walimu.

Umeme wenyewe hauko juu kwenye nguzo. Umelala chini, kwenye reli ya tatu pembeni ya zile mbili za magurudumu, volti zaidi ya 600, wazi, mvua inaunyeshea na sungura wanapita. Sehemu hii Mama asisomewe.

Sasa mwendo. Njia nzima, Ryde mpaka Shanklin, haifiki kilomita 14, lakini mwili unazihesabu zaidi. Reli ilikuwa imechoka kuliko treni. Unarushwa juu, kabla hujashuka unasukumwa kando, na taa zinakonyeza. Mtu akisoma gazeti, anasoma mstari mmoja mara tatu.

Katika wazee tuliokuwa tukiwatunza kulikuwa na bibi mmoja aliyeipenda safari hiyo kuliko dawa zake. Baada ya vita alikuwa akipiga taipu ofisini London, na asubuhi na jioni akipanda treni za aina hii hii. Akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, akahamia kisiwani kutafuta hewa. Siku moja kwenda stesheni, akaikuta. "Nimeikimbia London," akaniambia, "nayo imepanda boti ikanifuata." Alikuwa ananisimamia mimi badala ya mimi kumsimamia yeye: magoti legeza, miguu panua, usishike kitu mpaka kona ya kwanza. Yeye mwenyewe ameketi, mkoba mapajani, anaangalia abiria wanavyopepesuka na kuwapa alama. Chai alikuwa akitia nusu kikombe tu. Alishapiga hesabu ya mwendo. Tulipofika Sandown akaninong'oneza kwamba kiti anachokikalia ndicho alichochumbiwa juu yake. Mwezi uliofuata, behewa jingine, kiti kingine, ndicho hicho hicho alichochumbiwa. Sikumbishia.

Ukivuka kwenda bara, mambo hayakuwa mapya sana. Treni za Portsmouth kwenda London miaka ile zilikuwa na milango ya kufungua na kubamiza kwa mkono, ubavu mzima milango mitupu. Ikikaribia kituo cha Waterloo, mabwana wenye suti na tai wanaifungua treni ingali inakwenda na kuruka, mkoba mkononi, bila kuondoa macho kwenye gazeti. Nikasema hawa wangepata kazi ya ukonda Darajani bila usaili. Zilikwisha mwaka 2005, na sheria ya usalama ndiyo iliyozikimbiza.

Za kisiwani zikaendelea, zikipungua moja moja, mbovu ikivuliwa vipuri ili nzima itembee. Zilipoondoka zilikuwa zimepita miaka themanini. Wakaifunga njia miezi kumi waitengeneze, na tarehe 1 Novemba 2021 zikaanza treni mpya. Mimi nilikuwa nimeshahamia Portsmouth. Nikavuka makusudi kuziona.

Nzuri, sikatai. Kuna mahali pa kuchajia simu. Lakini mlango ulivyofunguka nikaujua. Nikamuuliza bwana mmoja jirani yangu, mwenye kamera shingoni, daftari na chupa ya chai, katika wale wanaosimama mwisho wa stesheni kuandika namba za mabehewa. Akathibitisha kwa furaha: zimetoka London, chini ya ardhi, mabodi yake ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, wamezifumua na kuzishona upya. Moja ya zile kongwe, akasema, imehifadhiwa Havenstreet, kwenye reli ya treni za moshi, anakwenda kuiamkia.

Akafunua daftari kurasa za mwisho akanionesha kwamba ameshachagua treni gani ya London iletwe kisiwani hizi nazo zikichoka, miaka arobaini ijayo. Ana mpaka rangi. Nikamuuliza umri wake. Akasema sabini na tatu.

Wasalaam,
Mwanao