N na M Zinatosha, Cherehani Iache Dukani

Tuseme umefungua duka la nguo Kariakoo na umeliita Neema Mavazi. Kodi umelipa, fundi yuko kwenye cherehani, sasa unataka nembo. Kijana wa steshonari anakuuliza aweke nini, nawe unamtajia: cherehani, mkasi, uzi na sindano, mwanamke mwenye gauni refu, nyuma yake ramani ya Afrika, juu nyota tatu, chini maneno "Ubora Ndiyo Jadi Yetu". Duka lina wiki mbili. Jadi hiyo mmeirithi kwa nani?

Mwambie afute vyote. Nguo zimetundikwa mlangoni, kila apitaye anaziona. Nembo inatakiwa imsaidie mteja akutofautishe na jirani, na jirani naye ana mkasi na ramani ileile. Bakiza herufi mbili, N na M, uzifanyie kazi mpaka ziwe zako.

Anza kwenye karatasi, kwa kalamu nyeusi yenye ncha nene. Kompyuta itakutia tamaa: ina fonti mamia na rangi za kila namna, utashinda hapo ukibonyeza na jioni uondoke na kitu kama kadi ya kicheni pati. Kwenye karatasi utaziona herufi zenyewe. Mguu wa mwisho wa N na mguu wa kwanza wa M vyote vimesimama wima, kwa hiyo vinaweza kuwa mguu mmoja, herufi zikashikana zisibanduke. Hapo tayari una kitu ambacho jirani hana. Sasa igeuze karatasi juu chini: inasomeka WN. Kama nembo itakaa kwenye stika ya duara na kubandikwa hovyohovyo kwenye mifuko, iwekee mstari mnene chini, mteja ajue upande wa kusomea.

Mchora nembo Paul Rand alipoishughulikia nembo ya kampuni ya IBM alikuta taabu ya namna hii: I nyembamba, B imenenepa, M pana kuliko zote, haziketi pamoja. Nembo aliyoitoa mwaka 1972 inazikata zote kwa mistari 8 ya mlalo, na mistari hiyo ndiyo inayozifunga. Ni kazi nzuri mno, ila usiiige. Kwenye lebo ya kola, uzi utajaa kati ya mistari na utabaki na kipande cheusi.

Wala usidhani lazima uwe umesomea sanaa. Jina la Coca-Cola liliandikwa katika miaka ya 1880 na mtunza hesabu, Frank Robinson, kwa mwandiko wa kuunganisha uliokuwa wa kawaida maofisini Marekani. Lakini yeye alitumia mkono wake. Wewe ukichukua fonti ya bure yenye mikia, utakutana nayo kwenye saluni tatu kabla hujafika nyumbani.

Chini ya NM utaandika jina kamili, na hapa ndipo wengi huharibu. Neno MAVAZI ni gumu kuliko linavyoonekana. A na V zina ubavu wa mshazari. Zikiachiwa nafasi sawa na herufi nyingine, macho yanaona mashimo katikati, huku Z na I zimebanana kule mwisho. Sogeza V mpaka mkono wake wa kushoto upite juu ya mguu wa kulia wa A, ufanye hivyohivyo upande wa pili, kisha iachie I hewa kidogo. Rula haitakusaidia. Geuza karatasi juu chini uangalie maumbo bila kusoma. Shimo likiwapo litajionyesha lenyewe.

Ikiiva, ipeleke kwa mchonga mihuri kabla ya mchora mabango. Muhuri haujui kivuli wala mng'ao wa dhahabu: kinachosomeka hapo kitasomeka popote. Kisha ijaribu kwenye picha ya WhatsApp, ambako duara hukata pembe zote nne. Rangi ije mwisho, na moja yatosha.

Mlipe kijana hela yake yote, naye akupe faili la vekta, kwa kawaida SVG au PDF iliyotoka kwenye programu ya kuchorea, linalokuzwa hadi ukubwa wa ukuta bila kuharibika. Alitume kama dokumenti. Nembo iliyotumwa kama picha ikapita simu nne hufika kwa mchapaji kingo zimelika.

Halafu nenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kusajili jina la biashara hakukupi haki juu ya nembo. Yenyewe husajiliwa kivyake kama alama ya biashara, kwa miaka 7 ya mwanzo, kisha unahuisha kila miaka 10. Omba kwanza upekuzi, uone kama kuna mwenzako aliyekwisha kuandikisha inayofanana, maana N na M ni za watu wengi. Na ukifungua tawi Unguja, usajili wa Bara hauvuki maji: huko utaomba upya, kwa wakala wa Zanzibar, BPRA.