Wazee Watatu wa Olimpiki
Tangu 1996, soka la wanaume la Olimpiki huruhusu kila timu watatu tu waliozidi miaka 23. Mbappé, mwenye 25, aliitaka nafasi hiyo Paris 2024. Real Madrid ikakataa, maana klabu hailazimiki kumwachia. Masikini, angezaliwa kwetu Tanzania angekuwa bado na 19. Vijana wetu wa taifa, Serengeti Boys, walifuzu fainali za Afrika za 2005 za chini ya miaka 17, wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Mtanijibu kwamba mtoto aliyezaliwa Kisondela wakati wa masika, njia ya Tukuyu ikiwa tope tupu, huandikishwa baadaye kwa kukisia. Nakubali. Lakini anayekisia hukosea huku na huku. Mbona kalamu ya karani, ikikutana na mwanasoka, humpunguzia miaka tu, haimwongezei hata mmoja?