Babu Alizamia kwa Pumzi Moja

Hakuna mwanafunzi mgumu wa kupiga mbizi kwa mtungi kama mtu aliyezaliwa pwani. Mgeni kutoka Ujerumani husikiliza kila neno, na akiambiwa arudie hurudia. Sisi wa Tanga tunaingia darasani tukiwa tumeshafuzu. Shemeji yangu, muuza vipuri, alifika Nungwi na ukoo mzima mabegani.

"Usibane pumzi," mwalimu akaanza, kijana wa palepale. "Ukisahau mengine yote, hili usilisahau."

Shemeji akacheka. "Mdogo wangu, babu yangu alikuwa akizamia pweza kwa pumzi moja. Anakaa chini mpaka watu wa juu wanaanza kumsomea."

Mwalimu hakubishana na marehemu. Babu, alieleza, alivuta hewa juu akashuka nayo. Huko chini ikanywea, na alipopanda ikarudi ilivyokuwa. Hakuvuta nyingine njiani. Mwenye mtungi anavuta hukohuko chini, na kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, kwa hiyo hewa inayomjaa kifuani ni ya kushindiliwa. Akiibana akapanda, inadai nafasi maradufu. Ni pakiti ya krispi inayopandishwa Lushoto, ila hii unaipandisha ndani ya mbavu zako. Mapafu huweza kuchanika, tena mita chache za mwisho ndizo mbaya zaidi. Kwa hiyo unapumua, polepole, bila kukatisha, hata ukitokewa na papa.

Shemeji alinyamaza. Kisha akapiga chafya.

Mafua alikuwa ameyaficha tangu Dar es Salaam, kwa dawa ya kuchua aliyokuwa akiinusa kila tulipogeuka. Mwalimu akamwondoa kwenye orodha papo hapo. Pua ikiziba, masikio hayazibuki, na dawa inayozibua pua inaweza kuisha nguvu ukiwa bado chini. Tukakaa tukingoja pua ya mtu mmoja, tukila samaki kwa bei ya watalii. Shemeji alilipa, haki ya Mungu.

Pua ilipofunguka, likaja suala la mate. Kioo cha miwani hutemewa mate, ukayasugua, ukasuuza, kisipate ukungu. Shemeji, mtu wa heshima zake, aliuliza kama hakuna dawa rasmi ya kazi hiyo. Ipo, inauzwa. Aliposikia bei, akatema.

Tulishuka kwa kufuata kamba, tukibana pua na kupuliza kidogokidogo kabla masikio hayajaanza kuuma. Ukingoja yaume umeshachelewa. Mwalimu akamgeukia shemeji, akaunganisha kidole cha shahada na gumba kama duara: uko sawa? Shemeji akamnyooshea dole gumba, kwa furaha kabisa. Mwalimu akamshika jaketi, wakaanza kupanda. Nami nikafuata, maana sheria inataka usimwache mwenzio, na mwenzangu nilishachaguliwa siku nilipomwoa dada yake.

"Una tatizo gani, kaka?" mwalimu akauliza tulipoibuka.

"Tatizo lipi? Nimekwambia mambo safi!"

"Umeniambia tupande."

Tukashuka upya. Akapita kasa, mkubwa, hana haraka na mtu. Shemeji akanyoosha dole tena. Mwalimu akakishika kile kidole, akakikunja kwa upole.

Mbizi ya pili shemeji aliianza kama mwenyeji, ugomvi ukaja kwenye hewa. Mtungi ulijazwa bar 200, na amri ni kurudi juu na bar 50 bado zimo, ziwe akiba ya dharura. Shemeji, ambaye hajawahi kuacha soda ikiwa na tone, alionyeshwa geji na ishara ya kupanda akatikisa kichwa. Alikuwa amelipia mtungi mzima. Ilibidi avutwe. Tulipanda polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, tukasimama dakika 3 kwenye mita 5 ili nitrojeni iliyoingia mwilini itoke kwa adabu. Kuhusu mkunga aliyemwona pangoni, mnene kama paja lake, sitasema kitu, isipokuwa kwamba maji hukuza vitu kwa kiasi cha theluthi. Yeye ameongeza zilizobaki.

Juu, akiwa bado anadondosha maji, alitangaza kwamba anawahi ndege ya jioni kwenda Dar es Salaam. Tiketi alikuwa ameshaionyesha familia nzima.

"Ukishapiga mbizi mbili, saa 18 hupandi ndege," mwalimu akamwambia. Huko juu hewa ni nyepesi, na nitrojeni iliyobaki huweza kutoka kwa mapovu, ikakutesa viungo au zaidi.

"Ni dakika 20 tu!"

"Mapovu hayasomi ratiba, kaka. Boti ipo."

Boti ilikuwepo, na kusi pia lilikuwepo. Mabaharia walipopita na mifuko ya kutapikia, shemeji aliupokea wake akitazama upande mwingine, kama mtu anayewashikia wenzake. Kabla hatujaipita Chumbe alikuwa ameomba wa pili.