Namna ya Kumdanganya Mtu Mwenye Akili

Kwanza kabisa, tafuta adui mwenye akili. Mpumbavu hafai. Ukimtegea kifaru cha turubai hatakiona, akikiona hatakihesabu, na asipokihesabu, umepoteza turubai bure. Geresha inamtaka mtu anayepiga picha, anayechora ramani, anayelala na kalamu sikioni.

Kama bado u mwanagenzi, anza na ndege. Nenda Siaya, magharibi mwa Kenya, ukawatazame watega kware. Kware mmoja hutiwa kitunduni, kitundu kikatundikwa juu ya mlingoti, na alfajiri ndege akaanza kuita. Wenzake walio porini humsikia, hushuka, na chini hukuta vitanzi. Piga hesabu ya gharama: punje chache za nafaka. Yule mwitaji hana habari kwamba ameajiriwa, kwa hiyo hadai mshahara.

Huna kware? Kata matete. Katika pango la Lovelock, jimbo la Nevada, Marekani, mwaka 1924 walifukuliwa bata 11 waliosukwa kwa matete, wengine wamepakwa rangi na kuchomekwa manyoya, wenye umri wa miaka kama 2,000. Bata mwitu hunaswa kwa bata wa matete kwa sababu anawajua bata. Mbuzi angepita zake.

Ukihitimu, hamia jangwani. Mwalimu wako ni Geoffrey Barkas, mtu wa filamu, ambaye mwaka 1942 alitwishwa kazi ya kulificha jeshi la Uingereza karibu na El Alamein, Misri, mahali ambapo hata kichaka cha kujisitiri ni cha kutafuta. Montgomery, kamanda wa jeshi hilo, alikusudia kupiga kaskazini. Wajerumani ilibidi waamini kusini. Basi vifaru halisi vivalishe kanzu za mbao na turubai vionekane malori. Lori nani analiogopa? Kule vilikotoka weka vifaru bandia, ili rubani wa upelelezi akipita asubuhi aikute hesabu yake ya jana imetimia. Kamwe usimharibie mtu hesabu yake. Akishangaa, ataanza kufikiri.

Halafu lete bomba la maji, na hapa ndipo penye uhondo. Jeshi kubwa jangwani lina kiu, kila ofisa wa upelelezi anajua, kwa hiyo mwonyeshe bomba linaloelekea kusini. Lakini lisiwe bomba. Chimba mfereji wa kweli, kama kilomita 8 hivi, panga kando yake madebe ya petroli yaliyopondwa, yaache yapigwe picha. Usiku ukiingia fukia mfereji, okota madebe, yasogeze mbele, panga tena. Madebe yale yale! Muuza nyanya anayepanga zile nzuri juu ya tenga angeelewa somo hili bila mwalimu.

Ila usifanye haraka. Mwongo mwenye pupa hukamatwa mchana. Bomba la Barkas lilikwenda kwa mwendo wa kobe, ili adui akipiga hesabu aone kwamba halitakamilika kabla ya mwanzo wa Novemba, na kabla ya hapo hakuna vita. Mizinga ilianza kunguruma usiku wa Oktoba 23. Rommel, jemadari wa Wajerumani, alikuwa Ulaya akijiuguza.

Utauliza: je, adui akigundua? Shukuru Mungu. Huko Munassib, upande wa kusini, Waingereza walipanga mizinga bandia wakaitelekeza kizembe, hadi Wajerumani wakaitambua na kuacha kuijali. Ndipo, gizani, ile ya bandia ikaondolewa na mizinga halisi ikawekwa palepale. Mtu aliyekwisha kujipongeza kwa ujanja hatazami mara ya pili.

Rommel alirejea jioni ya Oktoba 25. Divisheni ya 21 ya vifaru vyake ilikuwa bado kusini, ikisubiri.